Fundi wa Kolwezi anayefunika injini blanketi saa saba mchana

Ni saa saba na robo mchana, mwezi wa kumi, na jua la Kolwezi halina adabu. Mafundi wote wa barabara hii ya kwenda Musonoi wamejitupa kivulini na sahani zao za bukari, yaani ugali, na samaki. Mmoja tu amebaki juani. Stéphane Kabemba, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, anatandika blanketi zito la kijivu juu ya boneti ya gari dogo jekundu linalounguruma. Anachomeka pembe zake vizuri, kama mama anayemlaza mtoto, kisha anakaa juu ya ndoo na kungoja.

"Tata Stéphane!" anamtania fundi wa upande wa pili, mdomo umejaa. "Hiyo motokari iko na malaria? Uipatie na kinini!"

Kicheko kinazunguka kivulini. Kabemba hacheki wala hakasiriki, maana utani huo ameusikia mwaka wa pili sasa. Anaangalia saa yake ya mkononi.

Anachotaka ni gari liugue mbele ya macho yake. Mwenye gari, muuguzi anayeitwa Elise, amekaa juu ya tairi kuukuu na mkoba mapajani. Gereji nyingine imekwisha kumwambia injini imekufa, auze bodi apate chochote. Gari lake huzima barabarani saa za jua kali, na jioni huwaka kana kwamba halikumfanyia mtu ubaya. Kila mara alipolipeleka kwa fundi, alilipeleka alfajiri kabla ya kazi, na alfajiri halikuwa na neno.

"Asubuhi kila motokari iko muzima," anasema Kabemba. "Ni sawa mutu anaenda kwa docteur, akifika pale mulango, maumivu inaisha. Donc mi nangojaka saa ya maumivu."

Dakika ya thelathini na nane, injini inakohoa mara moja na kuzima.

"Njo ile!" Elise anaruka kutoka kwenye tairi, akimaanisha ndiyo hiyo. "Njo vile inanifanyaka!"

Anaambiwa ajaribu ufunguo. Injini inazunguka na kuzunguka, haishiki. Kabemba anatoa blanketi, anafungua boneti, anachota kikombe cha maji baridi kwenye dumu. Anainama hadi bega linapotelea ndani, na kuyamimina polepole juu ya kidude cheusi kisichozidi dole gumba. Anahesabu kimoyomoyo.

"Washa."

Injini inawaka.

Kidude hicho ni sensa, au capteur kama wanavyoiita hapa. Kazi yake ni kufuatilia mizunguko ya injini na kuipasha habari kompyuta ya gari, ili ijue wakati wa kutoa mafuta na cheche. Ikizeeka, joto huinyamazisha. Nayo ikinyamaza, injini yote husimama, hata kama haina ugonjwa mwingine wowote. Ikipoa, inasema tena, na fundi asiye na subira anabaki anakuna kichwa.

Kabemba anafungua bolti moja na kuitoa sensa ile. Mpya imo ndani ya boksi lake, lakini haiweki bado. Anaigusisha kwanza nyaya mbili za kipimo chake cha umeme, anasoma namba, anaiacha juani kidogo, anaipima tena. Baada ya hapo ndipo anaifunga mahali pake, na blanketi linarudi juu ya boneti kwa saa nzima. Safari hii injini haikohoi.

Elise analipa dola hamsini, sensa na kazi pamoja, na nusura amkumbatie. "Na banasemaka moteur imekufa! Mungu akubariki, Tata."

"Wende muzuri, Mama," anajibu Kabemba, na macho yake anayapeleka ukutani.

Ukutani, juu ya meza ya vifaa, kuna msumari mmoja. Kwenye msumari zimening'inia sensa mbili kuukuu zilizofungwa pamoja kwa waya. Fundi yeyote angezitupa. Anapoulizwa za nini, anapangusa mikono muda mrefu kuliko inavyohitaji kupanguswa.

"Ile njo masomo yangu," anasema. "Lakini minerval, alilipa mutu mwingine."

Minerval ndiyo karo ya shule. Na mtu huyo mwingine ni Mama Honorine Kapinga, mjane wa Musonoi.

Kabemba alizaliwa Kabongo, kaskazini mwa Katanga, akaja Kolwezi akiwa na miaka ishirini. Wenzake walishuka mashimoni kutafuta shaba na kobalti. Yeye aliogopa shimo, akaingia gereji ya malori. Alijifunza kwa sikio na kwa kidole. "Moteur ya zamani ilikuwa inasema kila kitu," anakumbuka. "Ikiwa na njaa unasikia. Ikiwa na kiu unasikia." Kisha yakaja magari madogo ya Kijapani yenye usukani wa kulia, yaliyopitia Zambia, yamejaa nyaya na kompyuta. Hakuna aliyemfundisha. Alifungua, akauliza, akafunga. Siku nzuri hurudi nyumbani na dola kumi na tano. Siku mbaya hurudi na grisi tu.

Gari la Mama Honorine lilikuwa moja ya hayo. Mumewe, Benoît, alikuwa karani katika kampuni ya mgodi, na alipofariki, malipo yake ya mwisho ndiyo yaliyolinunua. Honorine hakutafuta dereva. Benoît mwenyewe alikuwa amemfundisha kuendesha, basi alikaa nyuma ya usukani, mwanamke pekee katika kituo chake cha teksi, na kwenye kioo cha nyuma akaandikisha kwa rangi nyeupe maneno mawili: *Merci Benoît*. Gari hilo ndilo lililolisha nyumba, na ndilo lililomsomesha binti yake Abigaël, aliyekuwa mwaka wa pili wa uuguzi.

Miaka minne iliyopita, *Merci Benoît* lilianza kuzima mchana. Honorine alilipeleka kwa Kabemba, aliyekuwa akisali naye kanisa moja.

Hapa ndipo hadithi inapouma, kwa sababu Kabemba hakuwa mjinga. Alifikiria sensa. Aliigusa kwa mkono wake mwenyewe, akaifungua, akaitupa ndani ya kopo la vyuma chakavu, akaenda kwa wauza vipuri kutafuta nyingine.

Kolwezi ina imani yake kuhusu vipuri, nayo inashikwa karibu kama dini. Kipuri kipya cha bei rahisi huitwa cha uongo. Kipuri kilichotolewa kwenye gari lililokufa, ilimradi kilitoka Japani, huitwa occasion, na occasion ndiyo inayoheshimiwa. Kabemba alinunua occasion kutoka gari bovu lililokuwa kwenye mawe, akaifunga bila kuipima.

"Nilikuwa na kipimo ndani ya sanduku," anasema. "Mita mbili na pale nilisimama. Sikuipima. Nilisema occasion ya Japon haidanganye mutu."

Ile occasion nayo ilikuwa imekufa. Labda ndiyo iliyolisimamisha lile gari lingine kwenye mawe, nani ajuaye. Kabemba alimwondoa mgonjwa kitandani na kumlaza mgonjwa mwingine, na gari lilipokataa kuwaka, akajiambia: basi, si sensa. Jibu la kweli akalitoa kwenye orodha yake, wala hakulirudia tena.

Alihangaika siku nne. Alibadilisha plagi, akafungua pampu ya mafuta. Betri ikazidi kuchoka kwa kuzungushwa. Siku ya tano akafanya kama alivyofundishwa kwenye malori: akaweka kidole gumba kwenye tundu la plagi ili ahisi nguvu ya injini ikisukuma. Betri ilikuwa hoi, injini ikazunguka kivivu, kidole kikasukumwa kidogo tu. Kabemba akasimama, akamtazama mjane wa watu, akatamka maneno ambayo leo hamwambii tena mteja yeyote.

"Mama, moteur imekufa."

Hakutaka hata ujira wake. Alimwambia Honorine asipoteze pesa zaidi, auze bodi mapema kabla haijashika kutu, na kwa nia njema kabisa akamtafutia mnunuzi. Mnunuzi huyo, Lucien Mwenze, mbadili fedha wa sokoni, alitoa dola mia saba. Injini ingekuwa nzima, gari lile lisingeuzwa chini ya elfu tatu. Lucien alilivuta kwa kamba hadi Likasi.

Muhula uliofuata, Abigaël hakurudi chuoni.

Kwa Honorine, Kabemba aligeuka mtu wa pekee. Katika mji ambao fundi anaweza kukubadilishia kitu kimoja mara tatu, huyu alimwambia ukweli na hakuchukua kitu. Kila Jumapili baada ya ibada alimngoja mlangoni, akamshika mkono. "Asante, Tata. We haukunidanganya." Kabemba alizoea kuisikia asante hiyo, na anakiri kwamba aliipenda.

Machi mwaka jana, gari lilisimama mbele ya gereji yake. Dereva alitaka breki tu. Kabemba alikuwa ameinama. Alipoinua kichwa akasoma kioo cha nyuma: *Merci Benoît*. Lucien, ambaye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, alikuwa amelirudisha Kolwezi bila kufuta maandishi. Alidhani yanaleta bahati.

Kabemba alimuuliza injini mpya aliipata wapi.

"Moteur gani?" Lucien akacheka. "Ni ile ile, Tata! Kule Likasi balibadilisha capteur tu. Ilichukua dakika kumi. Mi nilifikiri we unajua, njo maana ulinitafutia bei muzuri!"

Maneno ya mwisho hayo ndiyo yaliyomkata maini. Lucien aliamini kwamba walimpiga mjane pamoja, akawa anamshukuru kwa ujanja wake. Kisha akafungua kisanduku cha mbele na kumpa ile occasion iliyotolewa Likasi, kwa mzaha, awe nayo kama ukumbusho. Alipoondoka, Kabemba alimwaga lile kopo la vyuma chakavu sakafuni hadi akaiona sensa ya kwanza, ile aliyoitoa mwenyewe. Akaziacha juani zipate joto, kisha akazipima zote mbili. Mshale wa kipimo haukutikisika.

Tangu siku hiyo Kabemba alianza kufunika magari blanketi. Aliyeumwa na nyoka, wahenga walisema, akiona ung'ongo hushtuka. Hapimi gari baridi, hafungi kipuri asichokipima kwanza, na amekwisha kufufua magari tisa yaliyohukumiwa kifo na gereji nyingine. Jina lake limeanza kusikika hadi Kasulo.

Lakini kwa Mama Honorine hakwenda.

Jumapili zilipita. Honorine alimngoja mlangoni, Kabemba alinyoosha mkono, akapokea asante na kuimeza kama dawa chungu. Alijiambia atasema wiki ijayo. Alijiambia mjane ameshazoea, ya nini kumfukulia kaburi. Alianza kutokea mlango wa pembeni. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na Kabemba anasema alikuwa akikonda hadi mkewe akamshuku ana mwanamke.

Jumapili moja ya Juni mwaka huu, Honorine alimkamata kwenye mlango huo huo wa pembeni. Alikuwa amembeba mjukuu wake, mtoto wa Abigaël. "Umuangalie muzuri huyu tata," akamwambia mtoto. "Njo alituambia ukweli."

Siku hiyo Kabemba hakula. Jioni alimweleza mkewe mambo yote, tangu mwanzo. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, akasema sentensi moja: "Kesho unaenda, ao mi njo nitaenda."

Akaenda. Honorine siku hizi ana meza ya mandazi kando ya njia wanayopita wachimbaji wa Musonoi. Abigaël humsaidia kukanda. Kabemba alizifunga sensa mbili ndani ya gazeti, akazifungua juu ya meza ya watu, katikati ya unga, akaanza kueleza. Joto. Kipimo ambacho hakukitumia. Kidole gumba na betri iliyochoka. Maneno ya Lucien, na Jumapili zote tangu hapo. Honorine aliendelea kugeuza mandazi ndani ya mafuta hadi yote yakaiva. Akayatoa moja moja.

"Nilijua," akasema.

Alijua tangu Februari mwaka huu. Alikuwa ametoka sokoni na gunia la unga, akasimamisha teksi, na teksi iliyosimama ilikuwa gari lake. Aliketi kiti cha nyuma. Kabla hawajafika kona ya kwanza alikuwa ameitambua sauti.

"Moteur ya Benoît, mi niliisikia miaka sita," anasimulia Honorine, akiwa mezani pake, mikono imejaa unga. "Nikauliza chauffeur, moteur ulibadilisha? Akasema hapana mama, capteur tu. Nikalipa, nikashuka mbele ya kufika. Gunia nikaibeba mi mwenyewe."

Na kila Jumapili baada ya hapo, aliendelea kumngoja mlangoni na kumshukuru. Kwa nini?

"Nilikuwa namuachia mulango wazi," anasema. "Nilitaka aingie yeye mwenyewe."

Siku ile ya Juni alimwambia Kabemba mambo mawili, na Kabemba anayarudia neno kwa neno. La kwanza: "Siku ulisema moteur imekufa, nililia sawa siku ya kwanza. Ulinifanya nimuzike Benoît mara mbili." La pili: "Kukosa, kila mutu anakosaka. Hasira yangu haiko juu ya capteur. Hasira yangu ni ya ile dimanche yote." Dimanche ndiyo Jumapili.

Kabemba alimwomba Lucien amuuzie gari. Lucien alikataa, na haki ilikuwa yake, linamlisha. Basi Kabemba akauza pikipiki yake, akanunua gari la aina ile ile lililokuwa limelala uani kwa mtu miaka miwili, limehukumiwa na fundi mwingine kuwa injini imekufa. Sasa huja kazini kwa miguu, dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi. Miezi mitatu ameshinda chini ya gari hilo baada ya kazi za wateja. Alikuta waya mmoja umeliwa na panya, na sensa moja kimya.

Kuna pia Abigaël. Chuo kimemwambia anaweza kurudi, ila aanze mwaka wa kwanza. Ana miaka ishirini na mitano na mtoto wa kunyonyesha. Alipoulizwa kama atarudi, aliendelea kukanda. "Nitaona," alisema.

"Motokari nitaitengeneza," anasema Kabemba. "Lakini ile miaka ya mutoto wa mutu, nitaifungua na spana gani?" Machozi yanamlengalenga, na hayafichi. Majuto ni mjukuu, na huyu wa Kabemba amekuja na nguo zake zote kukaa.

Anatumaini kumkabidhi Honorine gari kabla mvua kubwa hazijaanza. Honorine hajasema atalipokea. Alisema tu kwamba atakuja kuliona Jumamosi, na alichagua saa mwenyewe: saa saba mchana.

Jumamosi anafika kwa miguu, kitambaa kichwani, hajaongozana na mtu. Kabemba anampisha ndoo yake akalie. Gari ni jeupe, limeoshwa, na kioo cha nyuma hakijaandikwa kitu. Kabemba anawasha, anatandika blanketi, anachomeka pembe. Leo hata fundi wa ng'ambo hatanii.

Dakika ya thelathini inapita. Dakika ya thelathini na nane inapita. Jasho linamtiririka Kabemba hadi kwenye nyusi, na injini haijabadilisha sauti. Saa moja inapotimia anavuta pumzi, anasogea, ananyoosha mkono kutoa blanketi.

"Iko muzuri, Mama," anasema.

Honorine anainuka kwenye ndoo. Anaweka kiganja chake juu ya blanketi, juu ya joto lile, na hakiondoi.

"Bado, Tata," anasema. "Tungoje."

Kabemba anarudisha pembe ya blanketi mahali pake, anasimama kando yake juani, na wanangoja.